Wakuu, hasira za kupiga watu zinarithiwa? Mdogo wangu ananimaliza

Mzawa wa Mlimani: Habari za jioni wanajukwaa. Nipo Moshi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mzee, amekuwa mtu wa ngumi. Chumvi ikizidi, sahani inaruka. Majuzi kampasua kijana wa jirani kilabuni, kisa chenji. Mzee wetu alikuwa hivyohivyo, babu ndiyo usiseme. Sasa nauliza: ukali huu uko kwenye damu? Kama uko kwenye damu hautibiki, si ndiyo?

Mangi Mstaafu: Damu gani, hiyo ni mbege. Shemeji yangu wa Kibosho akinywa lita mbili anataka kupigana na mgomba. Asubuhi anaamkia watu kwa adabu kama mwinjilisti.

Bibi Shamba: Hakuchapwa utotoni. Sisi tulichapwa na leo tumetulia.

Mangi Mstaafu: Bibi, juzi uzi wa kuku ulimtukana mtu hadi ukafungiwa.

Kipimo: Mleta mada, kurithi kupo ila si unavyodhani. Mwaka 1993 Brunner na wenzake waliandika habari za ukoo mmoja wa Uholanzi ambao wanaume wake kadhaa walikuwa na jeni ya MAOA iliyoharibika. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya cha kuvunjavunja serotonini na kemikali nyingine za ubongo. Lakini hitilafu yao ni adimu mno, na jeni yenyewe iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake. Ukimsingizia mzee na babu kwa hiyo jeni, umepotea njia. Halafu kuna vijana wa Dunedin, New Zealand, utafiti wa 2002: wenye MAOA dhaifu walielekea zaidi kwenye fujo pale walipokuwa wameteswa utotoni. (Bibi, soma hapo mara mbili.) Huyu alianza lini?

Mzawa wa Mlimani: Mwaka jana, baada ya ile ajali.

Kipimo: Ajali ipi?

Mzawa wa Mlimani: Bodaboda, Kiboriloni. Hakuvaa helmeti, akazimia, akalazwa. Alipona kabisa. Tusitoke kwenye mada.

Nesi wa Zamu: Kaka yangu, hiyo ndiyo mada! Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayokushika mkono kabla hujampiga mtu. Mwaka 1848 kule Vermont, Marekani, chuma kilipenya kichwa cha Phineas Gage. Alipona, anatembea, anaongea, ila rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Mpelekeni hospitali ya KCMC akapigwe picha ya kichwa.

Mzawa wa Mlimani: Gharama hizo dada. Na kikao cha ukoo kimeshakaa. Kihamba cha mzee, yaani shamba la nyumbani, nakishika mimi, ingawa kimila ni cha kitinda mimba. Mtu wa fujo hawezi kubaki na mama pale nyumbani.

Wakili wa Kona: Ahaa! Kumbe ulikuja kutafuta muhuri wa sayansi. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinamwangalia mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe alitendalo. Italia mwaka 2009 mahakama ya rufaa ilimpunguzia muuaji adhabu mwaka mmoja, jeni zikiwa miongoni mwa hoja. Ila sijaona popote ubongo wa mtu ukimpa kaka yake shamba.

Chai Rangi: Subirini. Huyu si ndiye mwezi wa saba aliulizia bei za vihamba Old Moshi, akasema yeye ni mtoto pekee? Chai hii, tena ya tangawizi.

Mzawa wa Mlimani: Pekee kwa mama yangu. Yule ni wa mama mdogo.

Chai Rangi: Na huyo mama asiyeweza kubaki naye ni yupi? Maana wako ulisema ulishamzika.

Mzawa wa Mlimani: Mods fungeni uzi, watu hawana ushauri.

Nesi wa Zamu: Iwe kweli iwe chai, kama kijana yupo, kichwa kinamuuma? Anatapika? Anasahau?

Mangi Mstaafu: Kabla hawajafunga, hicho kihamba mfongo, yaani mfereji wa maji, unakifikia?