Nyumba ya mama imejaa na mama anasahau: tuitoe mizigo kwa mkupuo, kidogo kidogo, au tumhamishe?

BintiNgamiani

Habari zenu wote. Naomba mawazo yenu, maana kwetu tumegawanyika na siku zinakwenda.

Mama ana miaka 77. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wale walioingia darasani enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, akastaafu 2008. Yuko Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ya vyumba vinne aliyojenga na marehemu baba. Miaka miwili iliyopita daktari alituambia ni demensia, huu ugonjwa wa kusahau. Mimi nimeacha biashara yangu Dar nikarudi kukaa naye.

Nyumba imejaa jamani. Mlango wa chumba cha nyuma haufunguki zaidi ya shubiri mbili. Mle ndani kuna maboksi ya madaftari ya shule, magazeti, madumu matupu, redio mbovu tatu, viroba vya nguo za baba. Koridoni tunapita ubavu. Wiki iliyopita mama aliamka usiku kwenda msalani, akajikwaa kwenye ndoo akaangukia jiko la mchina. Hakuvunjika, ila paji la uso lilivimba. Asubuhi yake nikakuta dumu la mafuta ya taa limewekwa pamoja na la mafuta ya kula, yote ya njano, saizi moja. Mwili ulinisisimka.

Kaka yangu yuko Muscat, na ndiye anayetuma fedha nyingi. Anasema tumpeleke mama Muheza kwa shangazi siku tatu, tuite vijana na Canter, nyumba iwe nyeupe. Mdogo wangu anataka amchukue kwake Kimara na nyumba tuipangishe. Mimi nilitaka twende kidogo kidogo, mama akiwepo, lakini naona nachota maji kwa pakacha. Juzi nilitupa beseni lililotoboka. Saa kumi jioni namwona anatoka jaani, amelikumbatia kifuani, akaenda nalo bombani akaanza kuliosha kwa mchanga taratibu, nje na ndani, kama anavyoosha vyombo vya wageni. Sikuweza kumnyang'anya.

Aliyepitia haya aniambie alichagua nini na kilimgharimu nini.

BabaMapacha

Pole sana dada. Sisi Dodoma tulifanya mkupuo, na mpaka leo sijutii. Mzee wetu alikuwa analala katikati ya magunia. Panya walikuwa wanamtafuna kucha usiku hajisikii, na siku tuliyotoa magunia tulikuta nyoka. Mahali pamefikia hapo, kwenda kidogo kidogo ni kumwacha mzazi hatarini huku wewe unajiona mpole.

Vijana wanne, siku mbili, wauza vyuma chakavu wakabeba walichotaka, mengine dampo. Ila sikilizeni hili: chumba cha kulala cha mzee hatukukigusa siku hizo. Kitanda kilekile, blanketi lilelile, koti lake kwenye msumari uleule. Tulimsafishia hicho baadaye, na chini ya kitanda tu. Aliporudi alifoka siku nne, anasema tumemwibia. Siku ya tano alikunywa chai, akauliza mbuzi wamerudi.

Kibokoni

Assalamu alaykum. Mimi niko Mombasa, na nataka mwenye swali asome yangu kabla hajaita hiyo Canter.

Mamangu alikwenda Malindi harusini, wiki nzima. Tukasema ndiyo nafasi. Tukatoa kila kitu, tukapaka rangi, samadari ya zamani tukaiuza tukaweka kitanda kipya, sakafu tukatandika zulia jipya. Tulifanya kwa mapenzi, wallahi. Aliporudi alisimama kizingitini akapiga hodi. Nyumbani kwake! Tukamwambia karibu mama, ingia. Akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti na buibui lake hakulivua. Namwambia mama pumzika, ananijibu "nangoja wenyewe waje." Ilipoingia magharibi akainuka, akashukuru, akaaga arudi kwake.

Jioni hizo ziliendelea miezi. Akitoka tunamfuata, tunazunguka naye mtaa, tunamrudisha. Zile takataka ndizo zilizokuwa zikimwonyesha kwamba hapa ni kwake, na sisi tuliziondoa zote kwa siku moja.

Jengine: godoro lile tuliwapa vijana walibebe. Mmoja mwaminifu akarudi na noti alizozikuta kwenye mshono, za elfu mojamoja, za zamani. Hazikuwa na kazi tena, maana Kenya zilikoma 1 Oktoba 2019. Sijui ni ngapi nyingine zilikwenda na vitu vingine. Mtu wa maradhi haya huficha. Pekueni kila mfuko wa nguo, kila foronya, kila kopo la unga.

BintiNgamiani

Bi Kibokoni, hiyo hodi imeniliza. Na umenikumbusha: kwenye pindo la kanga zake nimeshakuta noti zilizofundwa. Zilikuwa zile za zamani ambazo Benki Kuu yetu ilitoa muda wa kubadilisha Januari hadi Aprili 2025, na muda ulishapita.

Muuguzi_Moshi

Dada, nimeuguza wazee miaka mingi, na mama mkwe wangu kule Hai alikuwa na hali hiyohiyo. Wilaya ile ilifanyiwa utafiti wa watu wa miaka 70 na kuendelea, ikaonekana takribani 6 katika kila 100 wanao ugonjwa huu. Kwa hiyo hauko peke yako hata kidogo, ingawa majirani watakuambia ni uzee tu au mama kafanyiwa kitu.

Kwanza huo uvimbe wa paji la uso. Mzee akianguka na kugonga kichwa, damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, dalili zikaja baada ya wiki kadhaa: kusinzia, kichwa kuuma, kuyumba upande mmoja, kuchanganyikiwa kuliko kawaida. Ukiona lolote kati ya hayo mpeleke hospitali na useme alianguka. Vilevile mzee akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usiseme ugonjwa wa kusahau umepanda. Huo hauendi mbio hivyo. Mara nyingi ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), upungufu wa maji, choo kigumu au dawa. Na kama hajawahi kupimwa tezi ya shingo na vitamini B12, omba apimwe, kwani vikipungua navyo huvuruga kumbukumbu, na vina tiba.

Sasa mizigo. Mimi sichagui kati ya njia zako tatu, kwa sababu ndani ya nyumba hiyo kuna mizigo ya aina mbalimbali. Mafuta ya taa, sumu ya panya, dawa kuukuu, visu na waya zilizochubuka: hivyo vitoke leo, usimuulize, usimwonyeshe. Dawa zitazame kwa makini. Wazee wetu wanatunza Piriton, ile ya mafua na mzio, na vidonge vya usingizi vya miaka mingi, na vyote viwili humvuruga akili mtu mwenye demensia hata akimeza kidogo. Za presha zibaki, lakini mikononi mwako.

Baada ya hapo njia. Kitandani hadi msalani, kitandani hadi jikoni, kitandani hadi uani. Sakafu iwe tupu, taa iwake usiku kucha. Ondoa mikeka inayojikunja. Busati jeusi mlangoni pia litoe, maana mgonjwa huliona kama shimo akakataa kulikanyaga au akaliruka. Kioo kikubwa kama kinamtisha jioni, kifunike. Anaweza asijitambue, akadhani kuna mgeni ndani.

Chumba cha nyuma kisichofunguka hakimuui mtu leo. Hicho ndicho cha kidogo kidogo. Usimuulize "tutupe hiki?" kwa sababu swali hilo linamtaka akumbuke, apime, aamue, yaani mambo yaleyale yanayomshinda. Atasema hapana kwa kila kitu. Mpe vitu viwili achague kimoja kibaki. Fanya asubuhi akiwa ameshiba, nusu saa, kisha acha. Jioni usiguse kitu. Na kilichotoka kisilale uani wala jaa la karibu, kiondoke mtaani siku hiyohiyo. Ila lile beseni liache. Mikono yake ina kazi nalo.

MtuWaUjiji

Naongea juu ya kuhama tu. Tulimtoa mama Kigoma tukampeleka Dar kwa dada, ghorofa ya tatu. Mwezi wa kwanza alipotea mara mbili, mara ya pili tulimkuta stendi ya daladala anauliza gari la Ujiji. Kule kwetu akitoka hata mtoto wa jirani anajua pa kumrudisha. Dar hakuna anayemjua. Lakini nisiwe mnafiki: dada angeacha kazi tungekula nini? Kama mtaishia kuhama, hameni mapema angali anajifunza njia, na aende na kitanda chake, jiko lake, hata pazia lake. Na nyumba msiipangishe haraka. Yetu mpangaji aliikuta na vitu vya mama, leo hatujui vilipo.

Kibokoni

Kweli kabisa. Na karatasi! Hati yetu ya nyumba ilikuwa kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuzi na vifungo.

BabaMapacha

Hapo kwenye karatasi niongeze. Msitupe karatasi hata moja kabla ya mtu mzima kuisoma: hati au leseni ya makazi, kadi za benki, barua ya pensheni, risiti za kodi ya majengo za kabla haijahamia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, 2021. Na kama mama bado ana nyakati zake anaelewa vizuri, muoneni mwanasheria mapema kuhusu hati ya uwakili. Inatakiwa atie saini akijua anachosaini. Akishapita hapo, ni kwenda mahakamani. Na kaka wa Muscat ajue kila hatua, maana ugomvi wa ndugu huanzia hapo.

Muuguzi, kuhusu kutomuuliza mgonjwa nimekuelewa. Mzee wetu tungemuuliza labda nyoka angekuwepo mpaka leo. Ila nakubali koti kwenye msumari ndilo lililotuokoa.

BintiNgamiani

Narudi baada ya wiki tano. Asanteni sana.

Niliposoma ya Muuguzi niliamka palepale nikatoa mafuta ya taa na kopo zima la vidonge. Koridoni tulifanya mkupuo, asubuhi moja, mama akiwa kwa jirani anachambua mchele. Kijana wa mkokoteni alienda safari sita. Mama aliporudi alipita katikati, akanyoosha mikono pande zote mbili kama anayepima, hakusema kitu. Usiku taa inawaka, hajajikwaa tena. Uvimbe umeisha, na hospitali walimtazama.

Kaka alikasirika kwamba hatukumaliza. Nikampigia video asubuhi tukiwa chumba cha nyuma. Tulikuwa tumefungua boksi la madaftari ya mahudhurio, mama akachukua moja la 1983, akavaa miwani, akaanza kuita majina. Huyu mtu hakumbuki kama amekunywa chai. Aliita orodha nzima, na kila jina ananyamaza kidogo, anangoja. Nikaanza kuitikia, "Nipo, mwalimu!" Naye anaweka alama kwa kidole. Kaka upande wa pili akawa kimya, halafu akaitikia na yeye.

Madaftari ya mahudhurio ni kumi na moja, yanabaki yote. Mitihani ya wanafunzi nimetoa mifuko minne na hajaulizia. Viroba vya nguo za baba sijavigusa, hapo nitangoja shangazi aje. Kuhama Kimara tumesema tutaongea tena Desemba tukiwa wote.

Muuguzi, majibu ya tezi na B12 yanatoka Jumatatu. Nitayaandika hapa.