Anayetangaza sarafu mpya ya kidijitali ataje alicholipwa, na pochi yake pia?

Mleta mada, Mbeya

Wakuu, salaam. Naleta hoja moja tuijadili kwa uzito. Mtu mwenye wafuasi anapotangaza sarafu mpya ya kidijitali, sheria imlazimishe kutaja hadharani amelipwa nini, pamoja na anwani ya pochi, yaani akaunti ya kidijitali, aliyopokelea sarafu za mgawo wake. Asipotaja na watu wakala hasara, ashtakiwe pamoja na wenye mradi.

Nina uchungu nalo. Mwisho wa mwaka mdogo wangu alipokea mgawo wa kikoba, shilingi laki sita, akazitia zote kwenye sarafu aliyoisikia ikisifiwa na mtangazaji mmoja ambaye nyumbani kwetu tumemsikiliza miaka. Hakuuliza mtu. Sauti ile alishaiamini. Siku tisa bei ikapanda. Siku ya kumi kila akijaribu kuuza inagoma, na kundi la Telegram likafungwa. Mtangazaji akafuta video yake, kesho yake akawa anatangaza vitenge. Mpaka leo hatujui alipewa kiasi gani, na hilo linaniuma kuliko zile laki sita.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: waanzilishi wanatengeneza sarafu, tuseme bilioni moja. Nyingi wanabaki nazo. Mtu maarufu anapewa fungu lake kabla soko halijafunguliwa, bure au kwa bei ya kutupa. Sokoni zinaingia chache, kwa hiyo wanunuzi mia kadhaa wanatosha kuipaisha bei. Anapokuambia "mimi nimeshaingia, usichelewe", yeye ndiye muuzaji na wewe ndiye mlango wake wa kutokea.

Utasikia watu wakisema blokcheni, yaani rekodi ya mtandaoni ya kila muamala wa sarafu, ni daftari la wazi, kila kitu kinaonekana. Kweli, liko wazi. Utaona pochi fulani imeuza sarafu milioni hamsini saa tano usiku. Jina la mwenye pochi hulioni, na bila jina daftari hilo linamsaidia nini mdogo wangu? Pochi ikishatajwa, kijana yeyote mwenye simu atafuatilia na kutuambia huyu bwana ameuza lini na kiasi gani. Serikali haihitaji kujenga mfumo wowote wa mabilioni.

Wenzetu wana mfano. Marekani ina kifungu tangu 1933 kinachomtaka anayelipwa kusifia hisa au dhamana (hati za uwekezaji) aseme amelipwa kiasi gani. Kim Kardashian, staa wa televisheni, alinaswa hapo Oktoba 2022 kwa kuitangaza sarafu ya EthereumMax kwenye Instagram, akakubali kulipa dola milioni 1.26. Kwenye posti yake alikuwa ameweka alama kwamba ni tangazo. Haikutosha, kwa sababu hakutaja zile dola 250,000 alizolipwa. Kiwango hicho ndicho ninachokitaka hapa kwetu: taja namba.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, pole sana kwa mdogo wako. Ila hoja yako siikubali yote.

Kwanza, hela za watu wetu haziliwi na mastaa peke yao. Kumbuka upatu wa DECI hapa Tanzania mwaka 2009. Watu waliambiwa wapande mbegu wavune, na waliowaingiza walikuwa majirani na waumini wenzao, hakukuwa na msanii pale. Sarafu ya OneCoin ilienda vilevile. Ilianza Bulgaria mwaka 2014, ikafika hadi Uganda, na waendesha mashtaka wa Marekani wanasema ilikusanya zaidi ya dola bilioni 4. Blokcheni ya kweli haikuwepo kabisa, bei walikuwa wanajipangia wenyewe. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na mwenzake Karl Greenwood alifungwa miaka 20 mwaka 2023. Hela zile zilipita kwa wajomba na mashangazi. Sheria yako itamkamata wa Instagram na kumwacha anayekusanya watu kumi sebuleni kwake.

Pili, huo mfano wa Marekani una tundu. Februari 2025 watumishi wa SEC, mamlaka yao ya masoko ya mitaji, walitoa tamko kwamba sarafu zinazozaliwa kwa utani wa mtandaoni kwa kawaida hazihesabiwi kuwa dhamana. Kwa hiyo kifungu cha 1933 hakizigusi, wakati hizo ndizo zinazotangazwa sana sasa.

Mleta mada

Hilo la sebuleni nimelikubali, nilikuwa nimelisahau. Basi kamisheni ya mwaliko nayo ihesabiwe kuwa malipo. Shangazi akinitumia kiungo chake, aniambie anapata asilimia ngapi nikijiunga. Uingereza wamekwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 2023 wamepiga marufuku bonasi za kualika rafiki kwenye sarafu hizi, na mnunuzi mpya anasubirishwa saa 24 kabla ya kuingia. Sitadanganya kwamba saa 24 zingemwokoa mdogo wangu, maana bei ilipanda siku tisa mfululizo. Kilichoweza kumshtua ni kuona pochi ya mtangazaji inauza siku ya tatu.

La pili pia ni kweli, na linanifundisha kwamba tusiiandike sheria kwa kubishana kama sarafu ni dhamana au la. Iandikwe kwa kumtazama anayelipwa.

Mchangiaji, Nairobi

Nimewasoma wote. Mimi naandika programu za pochi, kwa hiyo natazama kutoka ndani.

Agosti 2023 serikali yetu ya Kenya iliusimamisha mradi wa sarafu wa Worldcoin baada ya foleni ndefu pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, watu wakipigwa picha za mboni za macho wapewe sarafu za kama shilingi elfu saba za Kenya. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Iliwezekana kwa sababu kampuni ilikuwa na watu wake uwanjani. Oktoba 2025 tukapata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hiyo inawashika wenye kampuni. Kijana anayetangaza akiwa chumbani kwake, na mradi umesajiliwa kisiwa fulani cha mbali, ni kazi nyingine.

Kutaja malipo na pochi, naunga mkono kwa mikono miwili. Wajenzi waaminifu hatupotezi kitu. Kumshtaki mtangazaji kwa sababu sarafu imekufa, hapana. Miradi halali nayo hufa, na mtangazaji mwenyewe anaweza kuwa ametapeliwa. Februari 2025 Javier Milei, rais wa Argentina, aliinadi sarafu ya LIBRA kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Thamani yake ilipita dola bilioni 4, kisha ikaporomoka ndani ya saa chache, naye akafuta posti akisema hakuujua mradi kwa undani. Utathibitisha vipi kilichokuwa moyoni mwake?

Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, umenirekebisha, na nabadilisha hoja yangu. Kosa liwe kuficha malipo au pochi, bila kujali sarafu imepanda au imekufa. Hapo hatuhitaji kuthibitisha cha moyoni. Aidha alitaja, aidha hakutaja. Hata huyo wa chumbani simu yake ina laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na malipo yake mwisho wa siku anayatoa kwa wakala wa hapa hapa mtaani.

Na hapa Tanzania tusiambiwe mambo haya bado ni mageni. Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019, na mwaka 2024 kodi ya zuio ya 3% ikawekwa kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kama tumeweza kujua pa kukata kodi, tunaweza kujua pa kumlinda anayekatwa.

Ndugu, ombi moja kwako unayejua kusoma daftari hilo. Anwani ya ile sarafu kwenye blokcheni ninayo, mdogo wangu aliihifadhi. Tarehe ya video ninayo pia. Ungeweza kunionyesha pochi zilizouza ndani ya zile siku tisa?

Mchangiaji, Nairobi

Lete hiyo anwani, na saa ambayo video ilirushwa, si tarehe peke yake. Naanza nazo usiku huu.