Ushauri: nimebumba mkaa wa kinyesi ila mama watoto hataki uingie jikoni

Mtafuta_Moto
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa aliyewahi kufanya hii kitu. Choo chetu ni kile cha kutenganisha, mkojo unaenda kwake na kinyesi kinadondokea kwenye ndoo, kila mtu akimaliza anamwagia majivu. Sasa ndoo zimejaa, kuni nazo kuzipata ni shida, nikawaza hiki si kitu kinachoungua jamani kwa nini nikifukie. Nikaanika kwenye bati wiki tatu, nikakitwanga kwenye kinu, nikachanganya na chenga za mkaa na uji wa wanga nikabumba matonge kama ngumi. Jana nimevunja moja, nje limekauka linalia kama kokoto ila katikati bado lina unyevu na linanuka kabisa. Mama watoto kasema hayo hayaingii jikoni kwake na mimi sina cha kumjibu. Je jua linatosha kuua vijidudu? Na moshi wake hauna madhara kwenye chakula?

ShemejiWaWote
Mkuu mbona watu wanapikia samadi kavu ya ng'ombe toka enzi na hawafi, washa tu. Moto ukiwaka hakuna kijidudu kinachobaki.

BintiAfya
@ShemejiWaWote hapana kaka, kinyesi cha mtu ndicho kinachobeba kipindupindu, taifodi na minyoo ya watu, huwezi kukilinganisha na samadi. Ni kweli kikishawaka vyote vinakufa, lakini hatari kubwa haiko kwenye moto, iko kwenye mikono yake wakati anatwanga na kubumba. Mayai ya minyoo mviringo yana ganda gumu mno, yanaweza kukaa kwenye udongo hata miaka yakiwa hai. Kinachoyaua kwa uhakika ni joto: sentigredi 62 kwa saa nzima, au 50 kwa siku nzima, au 46 wiki nzima, na hilo joto lifike mpaka KATIKATI sio juu tu. Wewe katikati hata maji hayajatoka. Kaka Mtafuta umeanza vizuri ila umegeuza hatua, kwanza uue vijidudu ndo ubumbe.

Fundi_Majiko
Naunga mkono hapo juu. Mimi nakushauri usipikie kinyesi kilichokauka tu, kichome kwanza kiwe mkaa. Chukua pipa la chuma lenye mfuniko, jaza kinyesi kikavu, acha matundu machache tu hewa iingie kidogo, moto uwake chini yake. Mwanzoni utaona moshi mzito unaonuka vibaya sana, fanyia mbali na nyumba na usisimame upande upepo unakoelekea. Kwenye sentigredi 300 hivi inatosha, ukiunguza zaidi ya hapo unapoteza nguvu na kubaki na majivu mengi. Ule mkaa ndo uuponde na kuubumba, hapo hauna tena harufu wala kijidudu. Kingine mkuu, hayo majivu mnayomwagia chooni ndo yanakuangusha, majivu hayaungui, yanafanya tonge liwe zito lisilo na moto. Tumieni maranda ya mbao makavu, yanafunika harufu na yenyewe yanaungua. Huko Naivasha Kenya kuna watu wanatengeneza mkaa wa kinyesi kwa kuuza kabisa, na wao wanapasha joto kwanza.

BintiAfya
Na hata ukiwa mkaa safi usiuwashe ndani ya chumba kilichofungwa, ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu wamelala. Pia pedi, nepi na plastiki yoyote itoe kabla, ikiungua moshi wake ni sumu.

Mtafuta_Moto
Asanteni sana, yaani hapo kwenye mikono ndo nimeshtuka maana nimebumba bila glovu, mikono mitupu. Haya niliyokwisha bumba nifanyeje, niyatupe?

Fundi_Majiko
Usitupe. Yaanike tena mpaka yakauke na katikati halafu yaingize hivyo hivyo kwenye pipa, usiyaponde. Glovu na buti viwe vya kazi hii tu.

BintiAfya
Osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha, na nyumba nzima mnywe dawa ya minyoo, ulizia kituo cha afya. Halafu hicho kinu ulichotwangia ni cha wapi??

Mtafuta_Moto
Cha mama watoto, nilikiosha kwa maji nikakirudisha. Nimeenda kukitoa sasa hivi na mchi wake, vitabaki huku nyuma kwenye pipa. Nimemwambia ukweli wote na kesho namtafutia kingine.