Naomba ushauri: kipoozeo cha hewa kwa Ryzen 5 5600X

Wakuu habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600X, bado inatumia kile kipoozeo cha Wraith Stealth kilichokuja nayo kwenye boksi. Nikiwa naandika tu haina neno, ila nikianza kutoa video (ku-render) joto linagonga 90 na kitu, feni inalia kama mashine ya kusaga. Niko Dar, chumba hakina AC, na AMD wenyewe wameweka kikomo nyuzi 95. Vumbi nimeshapuliza, pesti ya joto kati ya prosesa na kipoozeo nimebadilisha, nafuu ni ndogo.

Ya maji sitaki, pampu ikifa ni hasara nyingine. Nawaza Thermalright Peerless Assassin 120 SE, ile ya feni mbili. Urefu wake milimita 155. Nimepima kasha kutoka juu ya prosesa hadi ubavuni nikapata 158. RAM zangu nazo zina mabati marefu ya kupoza. Kwa aliyeifunga: feni ya mbele, inayokaa juu ya RAM, ulilazimika kuipandisha? Maana ikipanda, hizo milimita 3 zimekwisha na kifuniko hakifungi. Au nichukue ya mnara mmoja, yenye rundo moja tu la mapezi, yaishe?

Jingine ni ufungaji. Nasikia kwenye AM4, soketi ya prosesa hii, ukivuta kwa pupa, prosesa inang'oka pamoja na kipoozeo na pini zinapinda. Mnaiwasha kwanza ipate moto, halafu mnazungusha taratibu? Na lile bati la nyuma ya ubao mama, la asili linabaki? Fundi wa mtaani ananiambia lazima ubao wote utoke nje, sijamwelewa.