Rehema na karatasi za Ujerumani

Rehema: Shikamooni wazee wangu. Chumba nimepata, tunakaa watatu kwenye fleti moja. Sasa natakiwa kwenda kujiandikisha manispaa, na huko ni Kijerumani kitupu. Mimi nina hiki cha darasani, wao wanaongea haraka mno 😔

Mama: Marahaba mwanangu. Hicho chumba kina joto?

Rehema: Kina joto mama, usijali.

Kaka Idi: Usiicheleweshe hiyo. Sheria inakupa wiki 2 tangu ulipohamia. Beba pasipoti, fomu ya kujiandikisha (Anmeldung), na ile karatasi anayosaini mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa kupanga peke yake hawaukubali.

Rehema: Wakiniuliza nisichokielewa?

Kaka Idi: Mwombe aandike: Können Sie das bitte aufschreiben? Mimi iliniokoa sana miaka niliyosoma kule. Maswali yenyewe ni yale yale, umehamia lini, umeolewa, dini gani. La dini lisikushtue, ni mambo ya kodi ya kanisa.

Baba Mdogo: Si aende na mtu anayejua lugha, yaishe?

Kaka Idi: Aende naye, Baba Mdogo, lakini aanze kuongea Rehema mwenyewe, mwenzake amsaidie akikwama. Akizoea kusemewa, siku akiumwa usiku yuko peke yake itakuwaje?

Shangazi: Hapo Idi umenena. Akiumwa anapiga wapi?

Kaka Idi: 112 kwa dharura. Kama si ya kuhatarisha maisha ila haiwezi kungoja kliniki ifunguliwe, 116117, daktari wa zamu.

Shangazi: Rehema, dawa unazotumia ziandike kwa jina la dawa yenyewe, sio lile la biashara. La biashara hubadilika nchi kwa nchi, mfamasia anaweza asilijue. Na aleji yako ya penisilini usitegemee kuieleza kwa mdomo ukiwa na homa.

Rehema: Sawa shangazi, naandika leo.

Kaka Idi: Kingine mdogo wangu, na hiki nakisema kwa uzito. Usiseme "ja", yaani ndiyo, kwa kitu ambacho hujakielewa, hata foleni ikiwa ndefu nyuma yako. Kuna mikataba ya simu ya miezi 24, ukishasaini umefungwa. Sema unakwenda kuisoma nyumbani. Wala hawakasiriki.

Baba Mdogo: Hata mimi hilo nimelichukua.

Kaka Idi: Ukishajiandikisha itakuja barua ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Usiitupe. Inalipwa kwa fleti, sio kwa kichwa, kwa hiyo waulize wenzako nani analipa, uijibu barua kwa namba yake ya kulipia ada hiyo.

Rehema: Nitawauliza jioni. Miadi ya manispaa ni Alhamisi saa 4:20 asubuhi. Shangazi, ile aleji niiandikeje?

Shangazi: Idi, msaidie.

Kaka Idi: Penicillin-Allergie. Weka kwenye pochi, pamoja na kadi ya bima.