Hola, 3 Machi 1959: waliotoa amri watajwe, au tuyaache?

Mjukuu wa Manyani (mwanzisha mada)

Wenzangu, naomba tulijadili hili bila matusi, maana limenikaa rohoni miaka mingi.

Tarehe 4 Machi 1959 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza kwamba wafungwa kumi wamekufa katika kambi ya kizuizini ya Hola, kule Tana River. Ikaeleza kuwa walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji wakiwa kazini. Basi. Hapakuwa na neno la rungu wala la askari.

Mambo yalikuwa hivi. Hola ndipo walipokusanywa wale walioitwa sugu, waliokataa kukiri kiapo cha Mau Mau, vuguvugu lililopigana na mkoloni, na kukataa kazi ya kulazimishwa. Wakijiona wafungwa wa kisiasa, si wahalifu. Afisa wa magereza John Cowan akaandika mpango: watolewe kwa vikundi vidogo, na atakayegoma alazimishwe kwa nguvu kufanya kazi. Wakubwa Nairobi wakaupa baraka. Asubuhi ya tarehe 3, mkuu wa kambi Michael Sullivan akawatoa 85 kwa mkupuo, akawapeleka kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba. Walipogoma, askari wakawashukia kwa marungu. Mwishowe waliokufa wakafika 11, na makumi wakaachwa na majeraha mabaya.

Hakimu Goudie alipochunguza vifo hivyo, hadithi ya maji ikaanguka: alikuta mshtuko na kuvuja damu kutokana na kipigo. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa, kwa hoja kwamba haiwezekani kujua nani alimpiga nani. Sullivan akastaafishwa, yakaishia hapo.

Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama katika Bunge la Uingereza akasema serikali yake inasikitika kwa dhati kwa mateso waliyopata Wakenya. Ikatolewa pauni milioni 19.9, humo humo gharama za mawakili, kwa ajili ya watu 5,228. Lakini siku hiyo hiyo akasema wanaendelea kukana kuwajibika kisheria. Mwaka 2023 Mfalme Charles alikuja, akalaani ukatili ule, wala hakuomba radhi.

Kusikitika si kuomba radhi. Jirani yako akifiwa unasikitika. Ukimuua mtoto wake, utamwambia unasikitika? Msimamo wangu: Kenya idai rasmi radhi inayotaja mpango wa Cowan, walioupitisha, na waliotunga uongo wa maji. Nyinyi mnasemaje?

Mkulima wa Nyandarua

Ndugu, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Umewataja Cowan na Sullivan. Na walioshika marungu? Hao walikuwa Waafrika, askari wa magereza, wana wa nchi hii hii. Tukianza kutaja tutaishia wapi? Kijijini kwetu boma la mtu aliyekuwa homugadi, yaani mlinzi wa upande wa mkoloni, na boma la mzee aliyetoka kizuizini yametenganishwa na ua wa kayaba tu. Watoto wao wameoana. Nilikuwa kwenye ruracio hiyo, sherehe ya mahari, na wazee wale wawili walikaa benchi moja, kila mmoja akitazama mbele. Hawakuzungumza, lakini walikaa.

Mzee Kenyatta alituambia tusamehe na kusahau. Tulipata nchi kwa bei hiyo. Usiifukue.

Dada wa Tana

Mkulima, mwenye kusahau ni nani? Kwetu Hola mradi wa umwagiliaji ulianza kwa jasho la wafungwa. Tumekula mahindi ya udongo ule. Mama yangu mzazi aliambiwa na mama yake kwamba siku ile sauti zilisikika, kisha watu wa mtoni wakakatazwa kuulizana. Uongo wa maji ulitusingizia hata sisi, kana kwamba kwetu ni nchi ya maji yanayoua.

Nilipokuwa darasa la saba, kitabu kilikuwa na sentensi moja tu juu ya Hola. Mwalimu aliisoma akaendelea na somo. Shule yenyewe iko Hola! Kwa hiyo kama kuna radhi ya kudaiwa, tuanze na serikali zetu, halafu tuvuke bahari.

Fidia Kwanza

Majina hayaliwi. Kesi ya Wakenya 40,000 waliodai fidia ya mateso hayo ilitupwa London mwaka 2018 kwa sababu muda umepita. Wazee wanakufa na nauli ya hospitali hawana. Dai pesa, mengine baadaye.

Msomaji wa Makaratasi

Naishi Uingereza, na nimekaa siku kadhaa nikisoma faili za kikoloni za Kenya pale Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa. Zimewekwa chini ya namba FCO 141. Ngoja niongeze kitu kinachogusa hoja ya Mkulima.

Kwa miaka mingi Uingereza haikusema kwamba faili hizi zipo. Zilikuwa zimefichwa Hanslope Park, na kesi ya wazee wa Mau Mau walioishtaki Uingereza kwa mateso ndiyo iliyozitoa mwaka 2011. Humo imo barua ya 1957 ya Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, kwa Gavana Baring, kuhusu namna ya kuwapiga wafungwa kisheria. Anaandika kwamba kama tutatenda dhambi, basi tuitende kimya kimya. Miaka miwili kabla ya Hola! Yaani ukimya ulipangwa kabla ya maiti kuwepo.

Mwaka 1961, Waziri wa Makoloni Iain Macleod akaagiza kwamba karatasi zinazoweza kuitia aibu serikali yake zisikabidhiwe kwa serikali huru zitakazokuja. Maagizo yanaeleza mpaka namna ya kuchoma: majivu yapondwepondwe. Zisizochomwa zifungwe kwenye makasha yenye uzito na kutoswa bahari kuu, mbali na pwani, mahali pasipo na mkondo. Na zile za siri zishikwe na maafisa wenye asili ya Ulaya tu.

Kwa hiyo, Mkulima, askari aliyepewa rungu hakuwa na barua ya kuficha. Hakuruhusiwa hata kuigusa faili. Wewe unaogopa majina ya walio chini. Yaliyofichwa ni ya walio juu.

Mkulima wa Nyandarua

Nimekusoma, na hapo kwenye barua umenigusa. Ila bado nauliza: ni nani atakayezuia mtu wa kijijini asiende mbele na kumtaja jirani? Hasira haijui cheo.

Mjukuu wa Manyani

Mkulima, swali lako si dogo. Sitaki jina la askari hata mmoja. Hola palikuwa na mpango ulioandikwa, ukasomwa, ukaidhinishwa, na baada ya vifo pakawa na taarifa iliyoandikwa na kuidhinishwa vile vile. Hao wa karatasi ndio ninaowadai. Na hata Waingereza wenyewe waliliona hilo wakati ule. Mbunge wa upinzani Barbara Castle alilipigia kelele bungeni. Mbunge Enoch Powell, mtu ambaye baadaye sisi weusi tulimjua kwa maneno machungu dhidi ya wahamiaji, alisimama usiku wa Julai 1959 dhidi ya serikali ya chama chake mwenyewe akasema hawawezi kuwa na viwango vya Kiafrika Afrika na vya Kiingereza kwao, na kwamba wajibu hauwezi kusukumiwa wadogo. Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni wa wakati huo, akabaki kitini hadi uchaguzi wa Oktoba.

Dada wa Tana, umesema kweli na inaniuma. Marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na mkoloni mwaka 1950 tuliibeba wenyewe hadi 2003. Miaka arobaini ya uhuru! Serikali iliyoshindwa kufuta karatasi moja Nairobi ingewezaje kudai karatasi za London?

Fidia Kwanza, kumbuka ile kesi ya kwanza, ya wazee wa Mau Mau. Wakili wa serikali ya Uingereza alidai mahakamani kwamba deni la mateso lilirithiwa na serikali ya Kenya mwaka 1963. Tujilipe wenyewe! Hakimu McCombe alikataa. Na mmoja wa waliosimama mbele yake alikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyepigwa Hola hadi akazimia. Ushahidi wake na zile faili ndivyo vilivyoleta hizo pauni. Bila majina na karatasi hakuna fidia.

Guka yangu, yaani babu, hakufika Hola, aliishia kambi ya kizuizini ya Manyani. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena, na kikombe cha chai alikishika kwa mikono yote miwili, polepole, kama mtu anayebeba kifaranga. Tulipomuuliza alisema aliangukiwa na gogo. Alisema hivyo hadi tulipomzika. Ni bibi yangu aliyetuambia ukweli, wiki ya matanga, na alifunga mlango kwanza.