Thomu, manjano, karafuu au siki: kipi kinawafaa broila?

BintiFuoni
Assalaam alaykum. Naingiza vifaranga wapya wa nyama hapa Fuoni, na safari hii sitaki kuwanywesha antibiotiki kila wiki kwa ajili ya kuwakuza tu. Wanangu ndio walaji wa kwanza wa kuku hawa. Nasikia thomu, manjano, karafuu, siki, mtindi. Mliotumia, kipi kinasaidia utumbo na uzito?

MfugajiWete
Waalaykum salaam dada. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia tangu Januari 2006, na wafugaji wa kule bado wanafuga. Mimi nasimama na thomu. Iponde mbichi, iache kama dakika 10, ndipo uchanganye. Alisini inayopambana na bakteria haimo ndani ya punje nzima, inaundwa thomu inapopondwa, na ukiichemsha kwanza haiundwi. Ya unga, gramu 5 kwa kilo ya chakula. Manjano nayo kipimo hicho. Sehemu kubwa ya kurkumini, kiini cha manjano, haifyonzwi mwilini, inabaki utumbini, nasi utumbo ndio tunaoutaka.

MkarafuuKonde
Huku Pemba watu hukimbilia karafuu kwa sababu imeanikwa uani. Eujenoli yake ni kali kweli kwa bakteria, lakini ikizidi kuku wanasusa chakula, na broila asiyekula hakui. Tena kumsagia kuku karafuu kavu kwa bei yake ni israfu. Anayetaka ajaribu makonyo, vijiti vya shada la karafuu, hayo hayo yanayotolewa mafuta kiwandani Wawi. Asage laini, atie kidogo sana.

BwanaMifugoChake
Dada, kabla ya kiungo chochote tazama dagaa unaowachanganyia. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Wakizidi, kuku wanakunywa maji mno, kinyesi kinakuwa majimaji, maranda wanayolalia yanaroa, na kwenye unyevu huo vimelea vya kuhara damu vinastawi. Mfugaji anahangaika na thomu, kumbe tatizo ni chumvi. Onja dagaa, au nunua wasio na chumvi. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kabisa, manjano hayaondoi sumukuvu.

Siki inafaa: kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, chombo cha plastiki, si cha bati, asidi inakula zinki. Siku ya chanjo ya maji usitie siki wala klorini. Mtindi uwe kidogo, kuku hana uwezo wa kusaga vizuri sukari ya maziwa na ukizidi anaharisha. Na nasema hili kwa msisitizo: hakuna kiungo kinachoziba nafasi ya chanjo ya mdondo na gumboro.

MamaVifarangaMwera
Mbona hakuna aliyetaja kuchachusha? Kwangu ndiko kulikoshinda. Mimina maji yafunike chakula, funika ndoo, koroga kila siku. Kwa joto letu siku mbili hadi tatu kinatoa harufu ya uchachu kama ya togwa. Kikinuka uvundo, mwaga. Bakteria wazuri unawapata humo bure, na kuku wanakipenda.

MfugajiWete
Kwa kuku 50 sawa, mama. Kwa 500 ndoo zitakushinda, na chakula kilichoroa kinaharibika haraka vyomboni. Hapo thomu ya unga ni nyepesi zaidi.

MamaVifarangaMwera
Kweli. Ndiyo maana natoa kiasi cha kumalizika asubuhi tu, mchana nawapa kikavu.

BintiFuoni
Nimeelewa. Naanza na dagaa na maranda, kisha thomu. Nitajuaje kuwa inafanya kazi na si bahati?

BwanaMifugoChake
Gawa vifaranga wa siku moja vyumba viwili, idadi sawa, chakula kimoja, thomu upande mmoja tu. Pima chakula wanachokula, gawanya kwa uzito walioongeza. Penye namba ndogo ndipo penye faida. Toa na gharama ya thomu. Usipoona tofauti, pesa hiyo nunulia maranda mapya.

MkarafuuKonde
Na mlonge je? Mti umejaa majani.

BwanaMifugoChake
Huo uhesabu kama chakula. Majani makavu yana protini karibu robo ya uzito wake, ila kwa broila usipite kilo 5 katika kila 100 za mchanganyiko, nyuzinyuzi zitawarudisha nyuma. Yaanike kivulini. Kuku wa mayai wanaufaidi zaidi, kiini kinapata rangi nzuri.